Matone Manane Niliyozidisha

Mwikali, mwaitu,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu uliyekunywa naye chai asubuhi ya leo. Najua utasema, kwani baba hana mdomo? Mdomo ninao, lakini unajua vile unavyofanya kazi. Kwa mambo ya mvua, ng'ombe na siasa unafunguka wenyewe, na kwa mambo ya moyo unashika kutu. Nimejaribu kukwambia jambo hili mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama umenunua kufuli la sanduku. Mara ya pili nikakuuliza tena habari ya kufuli, ukanitazama ukidhani nazeeka. Mara ya tatu nilisimama mlangoni pako, nikakohoa, nikaenda zangu. Kwa hivyo nimekuja huku maabara ya shule, nimefunga mlango, nimechukua karatasi.

Ni saa kumi kasorobo, Jumamosi, na hakuna mtu shuleni isipokuwa bawabu na kuku wake. Wewe uko nyumbani unakunja nguo. Nimechagua kuandika mchana na si usiku, ingawa najua mama yako anachagua kunde na angependa niwe karibu nimshikie jogoo wa kuchinja, kwa sababu kuna kitu nimekiweka dirishani mbele yangu ambacho hakisomwi kwa taa. Ni flaski moja ya kioo juu ya kigae cheupe. Ndani yake kuna maji yenye rangi ya waridi, hiyo mnayoiita pinki, lakini hafifu mno, hata ukiitazama sana unaweza kudhani ni macho yako tu yanayokudanganya. Nimeitengeneza sasa hivi. Haitadumu. Hewa itaingia kidogo kidogo iifute, ndiyo maana nimeziba mdomo wa flaski kwa pamba nijipatie muda. Rangi ikiisha nitaweka kalamu chini, hata kama nitakuwa sijamaliza.

Sitakwambia habari ya blanketi, wala ya kuchemsha maji ya kunywa, wala ya wavulana wa chuo huko Eldoret. Hayo mama yako ameshakwambia, na mchungaji ameyarudia kwa maombi. Mimi sina orodha. Mimi niko na kosa moja, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujaondoka na lile faili lako la buluu.

Kazi yangu unaijua tangu ukiwa mdogo, lakini wacha niielezee kama vile huijui, ndiyo ufuate hatua kwa hatua mpaka pale nilipoanguka. Mtu wa maabara kama mimi huosha vyombo, hupima dawa, huchanganya, na huwaonyesha wanafunzi namna ya kushika vitu visivyopenda kushikwa ovyo. Katika yote hayo ninayopenda zaidi ni titresheni. Asidi iko chini ndani ya flaski, na alkali iko juu ndani ya bureti, ule mrija mrefu wenye namba na kibomba kidogo mwishoni. Unatia indiketa, ile dawa ya kuonyesha rangi, matone mawili kwa asidi, na maji yanabaki maangavu kabisa. Kisha unafungua kibomba. Kila tone linapotua linafanya wingu la pinki, unatikisa flaski, wingu linapotea. Tone, wingu, hakuna. Tone, wingu, hakuna. Ukikaa hapo muda mrefu unasahau hata jina lako, na mimi nimesahau langu mara nyingi, nikiwa nimeegemea hii meza, jua likiingia kupitia dirisha hilihili. Halafu linakuja tone moja ambalo rangi yake inakataa kuondoka. Hapo ndipo unapofunga. Unasoma namba kwa bureti, unaandika, umemaliza.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mimi sikuwa nikifanya hivyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mbithi, ambaye wewe hukumkuta. Nilipokuja kumsaidia nikiwa kijana, maabara ilikuwa ni stoo ya zamani ya mahindi, giza tupu, dirisha moja lenye ukubwa wa sahani. Wakaguzi walipokuja hawakuwa wakiingia ndani. Walisimama mlangoni wakiogopea suti zao, wakinyoosha shingo, nao walitaka waone kitu. Mzee Mbithi akawa na sheria yake: rangi ionekane hadi mlangoni. Pinki ikifika, unaongeza. Ikikolea, unaongeza kidogo tena, mpaka flaski ionekane kama leso ya mwanakwaya. Mkaguzi anatikisa kichwa, anaridhika, anaenda kunywa chai. Mzee alistaafu, stoo ikabomolewa, tukajengewa maabara hii yenye madirisha makubwa na vigae vyeupe vya kuwekea flaski. Mlangoni hakuna tena aliyesimama. Mimi nikaendelea kuongeza.

Kumbe hata mimi mwenyewe nilipenda kuongeza, Mwikali. Sitamsingizia marehemu Mzee Mbithi. Mimi ni mtu wa kutaka jambo lipige kelele ndiyo niliamini. Unakumbuka kile kiondo cheusi? Ulikuwa na miaka sita hivi. Mama yako alikuwa anachemsha mkonge kwa sufuria nyuma ya jikoni, anataka kupata ile zambarau yake ya mawingu ya jioni, na wewe ulikuwa unachuchumaa kando yake. Alikuwa akitoa uzi mmoja kwa kijiti, anaukamua, anaulaza kwenye kiganja chako, na mnautazama nyote wawili. Halafu anakuuliza, imefika? Wewe unasema bado. Anaurudisha. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka kwa zizi nikiona ni mchezo. Siku hiyo akaitwa kwenye kikundi chao cha akina mama, akaniambia nikae na moto nisiguse kitu. Nikagusa. Niliona ile rangi ni dhaifu, nikaongeza unga wote wa rangi uliobaki. Aliporudi akatoa uzi, akaukamua, akautazama muda mrefu.

"Wewe unataka rangi ya kupiga kelele," akaniambia. "Hii yangu ilikuwa inaongea."

Ulipokauka, mkonge wote ulikuwa mweusi kama chungu. Hakuutupa. Alisuka kiondo kimoja kikubwa, akakiweka mbele yangu, akasema hiki ni chako, utabebea viazi. Nimebebea viazi miaka yote hiyo nikidhani ni utani tu wa mke wangu.

Na kuna la nyanya yako, mama yangu, yule ambaye jina lake ndilo lako, ndiyo maana nakuita mwaitu, yaani mama, mbele za watu na wanacheka. Hili sijawahi kulisema kwa mtu. Wiki ile ya mwisho wake alinipigia simu kutoka Kivaa mara tatu. Mara zote tatu aliniuliza swali moja: je, huko mvua imenyesha? Nikamwambia bado, mwaitu, hapa ni vumbi tu, na kwenu? Akasema hata kwao bado. Akaniaga. Yeye hakuwa mtu wa kupiga simu. Kitu fulani ndani yangu kiliona rangi ile, nakwambia kweli, kiliiona. Lakini ilikuwa hafifu. Nikajiambia akiwa mgonjwa atasema ni mgonjwa, akinihitaji atasema njoo. Nilikuwa nangojea ionekane hadi mlangoni. Siku ya nne simu ilipigwa na jirani. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira hiyo bado iko nami, hasa vumbi likizidi mwezi wa tisa.

Watu wengi tunaowapenda hawatatuambia neno zaidi ya hilo la mvua. Nimelijua hili nikiwa nimechelewa, nawe lichukue likiwa bado lina kazi.

Basi nije kwa lako.

Ulipofika kidato cha nne ukawa mwanafunzi wangu hapa maabara, na nilijivunia sana, ingawa nilijitia ukali ndiyo wenzako wasiseme nakupendelea. Mara ya kwanza nilipowaonyesha titresheni, kila mtu alimimina mpaka flaski ikawa leso ya mwanakwaya, kama nilivyowafundisha. Wewe ulifunga kibomba mapema. Ulishika flaski juu ya kigae, ukaitikisa, ukaitazama kwa kichwa kilichoinama upande. Nilikuja nyuma yako, nikaona kitu cha rangi ya ukucha wa mtoto mchanga. Nikasema kwa sauti, darasa zima lisikie, "Ongeza, Mwikali. Hiyo si rangi, hiyo ni aibu." Wakacheka. Ukaongeza. Hukunibishia, ulinitazama tu, na shingo yako ikashuka kidogo. Tangu siku hiyo ulikuwa ukiongeza kila mara nikiwa karibu.

Sasa sikiliza. Siku ya mtihani wa mwisho, shule nayo hufanya titresheni yake, kwa dawa zilezile. Namba inayopatikana huandikwa na kutiwa kwa bahasha pamoja na karatasi za watahiniwa. Msahihishaji huko aliko hajui nguvu ya dawa zetu, kwa hivyo anamtazama kila mtahiniwa kupitia namba hiyo ya shule. Ukiikaribia unapewa alama zako, ukiwa mbali unazikosa. Kazi hiyo ni ya mwalimu wa kemia. Lakini Mwalimu Kioko alipohamia hapa akiwa mdogo, aliona mkono wangu, akaniambia mzee, hii fanya wewe, mimi nitatia sahihi. Nilifurahi kama nimepewa cheo. Nimeifanya miaka yote hiyo, na wanafunzi wetu hawakuwahi kukosa alama hizo. Unaona ni kwa nini? Mimi nazidisha, wao niliowafundisha wanazidisha vilevile, sote tunakutana palepale. Shule nzima ilikuwa imekosea pamoja, na kwa kuwa tulikosea pamoja, kila mtu alionekana yuko sawa.

Isipokuwa mtu mmoja angekuja na jicho la mama yako.

Asubuhi ile nilifanya yangu, nikapata ishirini na nne kamili. Namba safi. Niliipenda hata kabla sijaiandika. Kisha mkaingia. Nilikuwa nimesimama pale nyuma karibu na sinki, siruhusiwi kusema neno. Nilikuona. Ulimimina haraka mwanzoni, halafu ukapunguza, halafu tone, tone, ukafunga. Ukainamisha kichwa upande. Ukangoja. Nilihesabu moyoni nikafika thelathini, na wewe bado unangoja, mkono mmoja hewani, kana kwamba kuna uzi uliolazwa kwenye kiganja chako. Kisha ukaandika. Haki ya Mungu nilikukasirikia. Nilijisemea moyoni, huyu mtoto leo ameamua kunionyesha.

Mlipotoka nikaanza kukusanya vyombo. Ninasoma bureti zikiwa bado zimesimama, ni mazoea tu. Ya kwanza ishirini na nne. Ya pili ishirini na nne na nukta moja. Ya tatu ishirini na tatu nukta tisa. Nikafika meza yako. Ishirini na tatu nukta sita. Flaski yako ilikuwa bado chini yake, na rangi ilikuwa imebaki kidogo tu, kama hii iliyo mbele yangu sasa. Upande wa kulia na wa kushoto zilikuwa zimesimama flaski za wenzako zinapiga kelele. Na hapo, mwanangu, nikajua. Sikuhitaji kitabu. Nilitazama ile ya kwako na nikakumbuka mkonge mweusi, nikakumbuka kila kitu, nikashika meza. Tofauti ya nukta nne. Matone ishirini hufanya sentimita moja ya ujazo, kwa hivyo nukta nne ni matone manane. Manane, niliyomwaga baada ya kazi kuwa imekwisha.

Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Ilikuwa pale mezani, karibu na kile kigae chenye ufa. Mwalimu Kioko aliingia na kalamu, ana haraka, msimamizi anamngoja nje. Akaniuliza, "Mzee, ni ishirini na nne kamili, sivyo?"

Nilikuwa na muda. Nataka ujue kwamba nilikuwa na muda. Ningeweza kusema ngoja kidogo, Mwalimu, kuna jambo, wacha nirudie. Ilihitaji robo saa. Lakini niliona miaka yangu yote, nikamwona Mwalimu akijua kwamba mkono aliouamini ulikuwa mkono wa kumfurahisha mkaguzi. Nikajua pia kwamba nikisema, nitakuwa natetea namba ya binti yangu mwenyewe mbele ya wenzake wote, na watu watasema. Hiki cha mwisho nilikishika haraka kwa sababu kilifanana na heshima. Hakikuwa heshima.

"Kamili," nikasema.

Akaandika, akatia sahihi, akafunga.

Sijui kama alama hizo ndizo zilizokushusha. Labda ni hizo, labda kulikuwa na swali lingine lililokushinda, na sitakuapia kitu nisichokijua. Ninachokijua ni ulichokisema matokeo yalipotoka. Hisabati ulipita vizuri sana, biolojia vizuri sana, kemia ikaja chini ya ulivyozoea. Ulikaa kwa kile kiti cha plastiki nje, ukacheka kicheko ambacho hakikuwa chako, ukaniambia, "Baba, ulisema ukweli. Mkono wangu si wa maabara." Na mimi nikala chakula changu. Nikala nikamaliza, nikaomba maji.

Waliokuita Eldoret hawakuona hivyo. Wamekupa kozi hiyohiyo ya kemia uliyoipenda tangu ukiwa na meno ya utoto. Lakini Jumanne uliacha faili lako la buluu juu ya meza, na mimi, Mungu anisamehe, nilifungua. Nikaikuta barua ambayo tayari umeiandika ya kuomba kuhamishwa uende kusomea biashara, ndiyo uipeleke ofisini wiki ya kwanza tu. Umeeleza sababu. Umeandika kwamba huna uwezo wa kazi ya maabara, na kwamba umelijua hilo kupitia mtihani. Mwandiko wako ni mzuri, mistari imenyooka. Niliisoma nimesimama, kisha nikaenda kukaa zizini na ng'ombe.

Siku hiyo ndipo nilipomwambia mama yako yote. Alikuwa anasuka, hakuacha kusuka. Nilingoja anipigie kelele, nilitamani kweli. Alifika mwisho wa mzunguko, akakata uzi kwa meno.

"Usimwache aende na kosa lako kwa begi lake," akasema.

Akaongeza ule msemo wa mficha maradhi kifo humuumbua, halafu akaniuliza kama nimefunga ndama. Ndiye mama yako huyo. Hajanitajia tena, lakini tangu Jumanne ananipakulia chakula kidogo.

Leo nimefanya kile nilichopaswa kufanya siku ile. Karatasi ya maelekezo ya dawa bado iko kwa faili langu. Nimepima upya kwa mizani ileile, nimechanganya, nimeosha bureti mara tatu. Nimesogeza meza hadi dirishani. Kisha nikajaribu kufanya kama wewe, na sikujua kama ni kazi ngumu hivi. Mkono unataka kuendelea! Miaka yote hiyo umezoea kwamba rangi ikionekana ndipo karamu inaanza. Mara ya kwanza nilipitiliza, nikamwaga. Mara ya pili nikapitiliza tena. Mara ya tatu niliinamisha kichwa upande kama wewe, nikajifanya kuna uzi kiganjani, na tone likaanguka, nikatikisa, na wingu halikuondoka. Lilitawanyika tu, likatulia, kama pumzi juu ya kioo. Nikafunga. Nilihesabu mpaka thelathini, na lilikuwa bado lipo. Kule nje kuku wa bawabu alikuwa anaparura majani, na mimi nilisimama hapa mzee mzima machozi yananitoka kwa sababu ya maji kidogo ndani ya kioo. Ni kitu kizuri sana, Mwikali. Nimefanya kazi hii nusu ya maisha yangu na sikuwa nimekiona, kwa sababu kila mara nilikuwa nimeshakipita.

Kisha nikasoma bureti. Ishirini na tatu nukta sita.

Kuna barua ya pili, fupi kuliko hii, imo ndani ya droo. Hiyo ni ya mwalimu mkuu, na Jumatatu nitampelekea kwa mkono wangu. Nimemwandikia jambo lenyewe lilivyo na sikumtaja Mwalimu Kioko isipokuwa kusema aliniamini. Huenda nikaambiwa nirudishe funguo. Usiniogopee. Wewe ulikuwa karatasi moja katika bahasha, na najiuliza kabla yako walikuwa wangapi wenye jicho kama lako, waliofunga kibomba mahali panapofaa, nikasimama nyuma yao nikawaambia waongeze. Hao siwezi kuwaandikia barua, hata majina yao siyakumbuki. Ninaloweza ni kumwambia mtu mwenye daftari la shule, na kuwaonyesha wanaokuja mahali penyewe pa kusimama, kama nitaruhusiwa.

Wewe sikuombi unisamehe kabla ya safari. Safari ni ndefu, na msamaha wa haraka mtu huutoa ili anayelia anyamaze. Kasirika ukitaka. Kasirika mpaka Nakuru, unyamaze mpaka Eldoret, usinipigie simu mwezi mzima. Ukinipigia uniulize tu kama mvua imenyesha, nitasikia.

Jua limefika kwenye ule ukingo wa dirisha ambapo huwa linageuka. Saa kumi na moja na nusu. Nimetazama flaski sasa hivi, na nikadhani rangi ipo, nikasogeza karatasi nyeupe nyuma yake, na haipo. Imekwisha. Maji ni maangavu kabisa, na mtu akiingia sasa hivi na nikamwambia palikuwa na pinki hapa, atasema mzee ameota.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja zaidi. Nilikuwa nimekueleza ufanye nini na ile barua ya kuhama, na kwa nini, na mwalimu gani umtafute, na nikaeleza tena kwa maneno mengine, na tena, kwa nguvu zaidi. Nimeusoma, nikauchana. Najua matone yangu nikiyaona.

Barua hii naiweka chini kabisa ya kile kiondo cheusi. Mama yako ametoa viazi vyangu ili ubebee vyombo vyako, utaikuta leo usiku ukipanga vikombe. Sasa naosha flaski, nije nishike jogoo.

Ilikuwa nukta sita, mwaitu. Ulisimama mahali penyewe.

Baba yako